Umepokea

Kwenye pampu namba tatu, hapa Kirumba,
kuna kibao cha zamani: ZIMA SIMU,
simu imechorwa, imekatwa mstari mwekundu.
Chini yake, tangu Machi,
kuna karatasi inayong'aa: LIPA KWA SIMU.
Msimamizi Rutakyamirwa hakukitoa kile cha kwanza.
"Vyote viwili ni vya kisheria," alisema, akarudi ofisini.

Mimi nasimama katikati ya amri mbili
na mpira wa petroli mkononi.

Zamani fedha ilikuwa na harufu.
Niliijua noti ya muuza vitunguu kabla sijaikunjua,
noti ya fundi gereji, nyeusi pembeni,
noti ya kijana wa benki, ngumu kama kola yake.
Na zile za mama wa dumu la njano,
mwenye mitumbwi miwili na mashine moja ya kugombaniwa:
zilitoka kwenye pindo la khanga,
zimelainika, zinanuka dagaa,
na siku moja gamba la samaki, kavu,
limeng'ang'ania palepale kwenye namba.
"Mwangaluka," anasema. "Lita kumi.
Na usinipunje, povu si mafuta."
Basi nasubiri povu lishuke,
naongeza tone, naongeza tone,
mpaka atikise kichwa.
Chenji ikikosekana nilimpa pipi.
Aliimenya mbele yangu, akaitafuna akinitazama.
Miaka sita. Sikuwahi kumuuliza jina.
Pesa ilikuwa haiulizi.

Sasa wanakuja na vidole.
Nyota, namba, alama ya reli,
wanageuka kidogo kuficha namba ya siri
kama mtu anayejisaidia ukutani.
Mwenye gari jeupe hashushi hata kioo chote:
anachomoza kadi, nasogeza mashine,
mashine inalia kama kifaranga, imekwisha.
Wanaita kugusa,
na hakuna mkono uliogusana na mkono.

Sisemi ni vibaya. Kiunoni sina pochi tena,
usiku sihesabu vivuli.
Mwaka juzi Nyamizi wa zamu ya usiku
alikabwa kwa elfu themanini na tatu.
Ila mtandao ukizunguka tunazunguka nao:
bodaboda watano wanapiga honi,
mteja ananionyesha kioo, "imekatwa, angalia,"
namwonyesha changu, "haijaingia, angalia,"
kama watu wawili wanaolinganisha vidonda.

Ijumaa kijana akaja na dumu la njano.
Kifuniko kilekile: nailoni, imefungwa kwa raba.
Lita kumi. Akabonyeza, akageuka, akarudi.
Sheria yetu ni kusoma jina kwa sauti.
Simu ikatetemeka, nikasoma:
Umepokea shilingi elfu thelathini na moja
kutoka kwa KWANDU LUFUNGULO.
Nikamtazama. Ndevu changa, fulana ya timu.
"Kwandu ni wewe?"
"Mama," akasema. "Laini yake. Hatujabadilisha.
Wanataka cheti cha kifo
na baba bado hajaenda kukichukua."
Presha, akasema. Mwezi wa nne, akiwa mwaloni,
anageuza dagaa juani.

Na mimi nilidhani amehamia kituo kingine.

Povu lilikuwa limejaa shingoni mwa dumu.
Nikasubiri lishuke.
Nikaongeza tone. Nikaongeza tone.
Nyuma honi zinapigwa, mtu ananitukania ukoo.
Kwandu, nikasema, si kwa sauti,
nikilijaribu jina mdomoni.
Halikuwa na harufu yoyote.

Usiku, kitandani, nikapiga hesabu ya zile pipi.
Si nyingi. Elfu mbili na mia nne, labda na kitu.
Nikaandika namba, nikaandika kiasi.
Simu ikaniuliza, kama inavyomuuliza kila mtu:
unatuma kwa KWANDU LUFUNGULO?
Bonyeza moja kukubali, mbili kukataa.

Nikabonyeza moja.
Mtandao ukaanza kuzunguka.