Tope Halijasoma Rasimu

Ukurasa wa arobaini, jedwali la tatu:
kina cha gati, mita kumi na tano na nusu.
Sikitu anaupigia mstari kwa kalamu nyekundu.
Chai imepoa. Mshauri anasema
"ifikapo mwaka ule",
kana kwamba mwaka ule uko hapo ng'ambo, Kigamboni.

Alfajiri alikuwa kwenye boti na Chambuso,
wakapima: kumi na nne, na kidogo.
Tope halijasoma rasimu.
Linarudi usiku, chembe kwa chembe,
halina bodi
wala halisubiri akidi.

Anahesabu vidoleni: mpango wa miaka ishirini na mitano,
yeye atastaafu mwaka wa tisa.
Pembeni, kwa herufi ndogo, anaandika:
fungu la kuzoa tope, kila mwaka,
lisiguswe.