Meya wa Chumba Namba Nne

Saa sita na dakika tano, bando la usiku likishaingia,
naapishwa.
Hakuna msafara, hakuna king'ora.
Kuna ndoo mbili za maji, stuli,
na kompyuta aliyoniachia shemeji Mbijima
iliyong'oka kitufe cha M,
nikitaka kuandika maji nabonyeza kipele cha mpira.

Ukifungua kurasa tatu, inahema
kama mbuzi aliyetembezwa toka mnadani Msalato.
Lakini mji wangu haumo ndani yake.
Umo kwenye ghala la mitambo, nchi sijui ipi,
kwenye baridi ya kutengeneza,
nami naletewa picha tu,
mtu anayechungulia harusi dirishani
huku mahari katoa yeye.

Nimeuita Idodomya.
Wakazi elfu sitini na mbili.
Maji usiku na mchana
(hapa Nkuhungu ni Jumanne na Ijumaa,
tena yanaanza kwa kukohoa).
Taka zinazolewa. Taa zinawaka hadi makaburini.

Nabonyeza: jenga daraja.
Amri inatoka, inapita Kibaigwa, inapita Gairo,
inazama baharini kwenye waya,
inarudi na daraja begani.
Nusu sekunde.
Wapo wanaolalamikia nusu sekunde.
Faili la kiwanja changu cha Nala
lina mwaka wa nne linatoka meza ya dirishani
kwenda meza ya mlangoni.
Chumba ni kimoja.

Jana nilitaka barabara ya mzunguko.
Nyumba kumi na mbili zilikaa njiani.
Nikashika tingatinga, nikabonyeza, nikabonyeza.
Hakuna aliyelia. Kivumbi kidogo,
sauti kama ya droo inayofungwa,
na pembeni hazina ikapungua kwa adabu.

Ya kumi na mbili, kidole kikateleza,
kikaifungua badala ya kuibomoa:
*Watu watano. Wamekaa miaka tisa.
Furaha: asilimia themanini na moja.*

Themanini na moja!

Nikamkumbuka mama mdogo Sechelela, kule Ntyuka,
asubuhi ile alipoamka akakuta X nyekundu ukutani.
Hakusema neno. Alichukua stilwaya na Omo,
akasugua mpaka adhuhuri,
X ikafifia, ikawa ya waridi,
ikakaa hivyo, kama pambo.
Wapimaji walipita na kamba zao mara mbili.
Hakuna aliyemfungua kuona asilimia yake.

Basi nikaipinda barabara.
Ikazunguka kile kibanda kama mtu anayemkwepa mama mkwe.
Gharama mara tatu. Hazina ikaiva nyekundu,
washauri wakatokeza vichwa kwenye kona ya kioo
wakitikisa vidole: Meya, umefanya nini?
Nimefanya kona, nikasema kwa sauti,
mpangaji wa chumba namba tano akagonga ukuta.

Saa nane kasoro, picha ikazama.
Si kuzimika: kuzama,
kama tembo yule wa masimulizi ya kwetu,
mgongo ukaonekana, halafu masikio, halafu matope.
Basi limetoa pua kituoni.
Mama kainua mguu kuvuka, hajautua.
Elfu sitini na mbili, wote wananingoja mimi,
nami nangoja vistari vinne vya mtandao
nikiwa nimeinua simu juu ya kabati.

Havikurudi.

Asubuhi nikaenda na risiti zangu ofisi ya ardhi.
Dada wa dirishani hakuniangalia.
"Mtandao uko chini. Rudi Alhamisi."
Siku nyingine ningefoka.
Leo nilimwuliza tu, kwa upole ulionishangaza mwenyewe,
ukikatika ghafla hivi,
ile kazi ya mwisho mtu aliyoifanya
huwa inahifadhiwa?

Akainua uso. Akafikiri.
"Inategemea," akasema.