Milango Miwili

Waliniuliza: milango miwili, utampakia nani?
Wifi yangu Mwanahawa ndiye aliyeanza.
Aliizunguka pale chini ya ghorofa letu, Upanga,
kama anayekagua mbuzi wa mnadani,
akagonga bati kwa pete, akachungulia nyuma:
"Hapa anakaa mtu, au mkoba?"
Mkoba, nikamwambia. Mkoba na mwavuli.

Miaka ishirini na moja niliendesha gari la watu wanane.
Nimebeba magunia ya mkaa, masufuria ya shughuli,
maharusi waliochelewa, wafiwa waliowahi,
mtungi wa gesi wa jirani, kuku watatu wamefungwa miguu,
na mume wangu, Mungu amrehemu,
siku ile, amelazwa kiti cha kati.
Gari lile lilijua neno moja tu: ndiyo.

Hili lina umbo la hapana.
Kijani cha kisamvu kilichotwangwa kikalainika.
Boneti ndefu kidogo kuliko haja,
paa linateremka mapema, kama msimulizi aliyekatiza
kwa sababu utamu umeshafika.
Kiuno kimebanwa, nyonga zimejaa juu ya magurudumu:
gauni la fundi aliyekupima mwenyewe, hakuuliza saizi.
Taa zimefumba nusu. Paka ameshiba,
lakini usimwachie samaki.

Kila nikiwasha huniamkia Kijapani,
sauti ya binti mwenye adabu. Naijibu: marahaba.
Redio yake inaishia tisini, stesheni zetu ziko juu huko,
basi nasikiliza injini.
Elfu mbili inanong'ona, elfu nne inaguna,
elfu sita, astaghfirullah.

Nisiseme uongo kuhusu raha.
Kiti ni kigumu kama godoro la bweni.
Kinanikumbatia mbavu, sawa,
lakini kila kokoto inapanda uti wa mgongo
na kujitambulisha, jina lake na la babake.
Matuta nayavuka kwa ubavu, nimeuma mdomo,
na bado tumbo linakwaruza,
na Chambuso, fundi wangu wa Gerezani, anacheka:
"Mama, hii ilizaliwa kwenye lami ya watu."
Kushuka ni kazi. Kwanza mguu, kisha goti, kisha Mungu.
Nina miaka hamsini na mitatu,
natoka humo kama ninayezaliwa.

Lakini usukani!
Unasikia nia kabla ya kiganja.
Nikiwaza kulia, pua imeshakwenda kulia.
Gia fupi, inaingia kwa mlio wa komeo lililotiwa mafuta.
Lile la zamani nililiomba kukata kona
kama unavyomwomba karani mhuri.
Hili linaniuliza: unangoja nini?

Jumapili moja simu ikaita alfajiri. Msiba, Mbagala.
Kamati inataka gari.
Nina kiti kimoja, nikasema.
Kimya. Kisha: basi mchukue Mwanahawa.

Akaingia kinyumenyume, makalio kwanza, kanga magotini,
akalalamika tangu getini: magoti yake, mgongo wake,
na mtu gani mzima hununua kiatu akakiita gari.
Mjini hapakuwa na mtu. Taa zilikuwa zikimwongoza nani, sijui.
Mnara wa Saa ulisema kitu, sikuutazama.
Nikashusha gia ya pili, nikaingia kipilefti bila kugusa breki.

Halikuyumba. Halikupiga kelele.
Uzito wetu wote ulihamia bega moja
na gari likaubeba, likang'ata lami,
likachora duara safi kama kawa juu ya sinia.

Mwanahawa alishika mlango. Akanyamaza.
Tulikuwa tumeshakaribia njia ya kutokea
aliposema, macho mbele,
kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi:

"Zunguka tena."