Chumvi ya Bahi

Shangazi Sechelela hajui kusoma,
kwa hiyo Mbeho, mjukuu wake, ndiye aliyemsomea
sura ya tisa ya riwaya yangu,
nje ya jiko, Bahi, saa kumi jioni,
maji ya chumvi yakitokota juu ya mafiga.

Mimi nilikalia ndoo iliyopinduliwa
nikijifanya nakagua kucha.

Humo nimemgaragaza mama mavumbini,
nimemchania kanga, nimemtoa sauti
iliyofika hadi stesheni.
Radi nimeipiga. Mvua nimeinyesha usiku kucha
juu ya kaburi dogo.
Msomaji mmoja wa Makole aliniambia
alilia mpaka chai yake ikapoa.

"Mvua?" Shangazi akauliza.
"Mwaka ule?"

Akacheka hadi moshi ukampalia.
Kisha, akikoroga, bila kunitazama:

"Siku ile sikulia.
Nilimkasirikia Masinga kwa ajili ya ndala.
Alikwenda zahanati na mbili, karudishwa na moja.
Nikatoka kuitafuta njiani.
Watu wananiita, maiti iko ndani,
mimi nainama chini ya kila kichaka.
Zilikuwa mpya. Nilikopa kwa Chiwanga,
deni sijamaliza.

Nililia mwaka wa pili yake, mwezi wa tatu,
nikichambua mlenda.
Hakuna aliyekufa siku hiyo.
Mlenda tu."

Mbeho akafunga kitabu, kidole kikabaki ndani.

Nikasema: kweli, Shangazi, nimetia chumvi.

Akanitazama kama anavyomtazama mchuuzi wa mnadani
anayepunja kisado.
"Chumvi ipi? Wewe umetia maji.
Mimi nachuja udongo, nachemsha kutwa,
maji yanakwenda zake, yote,
kinachobaki hakijazi kiganja."

Akarudi kuchochea kuni.

Kitabu kimeshachapwa.
Nakala elfu moja, zote zinanyesha.

Usiku niliazima nakala ya Mbeho na kalamu yake ya shule.
Nikafuta radi. Nikafuta kanga iliyochanika.
Ile sauti ya stesheni niliionea huruma kidogo,
ilinichukua wiki mbili kuiandika,
nayo nikaifuta.
Pembeni nikaandika: ndala.

Halafu nikakwama.
Ya kushoto, au ya kulia?

Upande wa pili wa ukuta kitanda cha kamba kililia.
Alikuwa macho.
Sikuthubutu kumuuliza.