Atakayezimia Anarudishiwa

Kwa chaki, kwenye ubao wa banda la Kasanda, Isevya:
NYUMBA YA MAJINI. KATUNI. FAMILIA NZIMA.
Na chini yake, herufi zikibanana kama abiria wa daraja la tatu:
ATAKAYEZIMIA ANARUDISHIWA HELA.

Nikatoa pesa ya asali, chupa mbili na robo.
Watoto watatu, na mimi, na mama mkwe
aliyesema haji, kisha akawa wa kwanza kuvaa viatu.

Taa zikazimwa. Kalunde akanishika mkono,
akauminya mapema, kwa tahadhari.

Nyumba ikatokea kilimani. Vyumba arobaini,
ngazi zilizojiviringa kama konokono.
Mlango ukalia kriii
ukiwa umeshafunguka zamani.
Mzimu wa kwanza ulikuwa shuka.
Wa pili, shuka lenye miwani.
Na kwa kuwa Kasanda naye ametundika shuka ukutani,
lile lenye alama ya pasi pembeni,
tulikuwa tunatazama shuka juu ya shuka,
watu watano tuliolipa kuchungulia kamba ya nguo ya jirani.

Kisha majini yakaomba radhi.
Dakika ya kumi na tano tu!
Yalikuwa mapweke, yakasema, yalitaka marafiki.
Yakacheza dansi. Baba wa ile familia
akajifunza kurudi nyumbani mapema.
Mbwa naye akajifunza sijui nini.

Hata mtafsiri alichoka.
Mwanzo alitia chumvi, jini kubwa akalitwika lafudhi ya Kinyamwezi,
watu wakacheka. Kufika katikati akanyamaza,
akakohoa, na kwenye spika tukamsikia
akimwagiza mtu chipsi.

Masele wangu, miaka tisa, akapiga hesabu yake.
Akainuka, akasema "Yalaa!" akaanguka
taratibu, akichagua pasipo na vumbi.
Kasanda akaja na tochi, akammulika jicho.
"Huyu kazimia kabla ya kutishwa," akasema. "Hailipwi."

Nacheka nikiandika. Lakini
kwao mama mkwe, Sikonge, nyuma ya nyumba,
palikuwa na kibanda cha nyasi, kimo cha banda la kuku.
Hakikuwa na mlango wa kulia.
Nilipoolewa nilisimamishwa pale.
Wakamwaga unga uliokorogwa na maji,
wakataja jina langu, wakataja na ya waliomo, mmoja mmoja,
kama unavyotambulishwa kwa wakwe waliokaa sebuleni.
Sikupiga kelele.
Ila vinyweleo vya mikono vilisimama,
na hadi leo sina hakika kama vyote vimelala.

Tukarudi kwa miguu, tukakata njia relini.
Masele bado anadai mia tano yake.
Kalunde anasema angechora vizuri zaidi, na ni kweli.
Nyamizi, wa mwisho, alikuwa kimya na bisi zake
mpaka tulipofika penye mataruma yaliyong'olewa.

"Yule mzimu wa miwani, alikuwa babu yake nani?"
Nikasema filamu haikusema.
"Jina lake?"
Haikusema.
"Sasa alikuwa anakula kwa nani?"

Mama mkwe, aliyesinzia tangu shuka la pili,
akasimama katikati ya reli
akamtazama mtoto yule
kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.
Hakusema kitu. Akamfunga vizuri kitenge mabegani.

Alfajiri natoka na ndoo, nusura nikanyage:
kizingitini, juu ya kifuniko cha chupa ya asali,
bisi tatu,
moja imeng'atwa kidogo
kuonja kama ina chumvi.
Sisimizi wawili walikuwa wameshapewa habari.

Nikarudi ndani,
nikapitia mlango wa uani.