Kibali cha Shakwe Ishirini

Kibali cha gavana kimekuja na helikopta,
kurasa sita, muhuri wa samawati:
shakwe weupe ishirini, wasizidi hata kwa mmoja;
kila ndege pete moja, tone moja la damu;
kiotani dakika tano, basi.
Kinakoma tarehe thelathini na moja Julai, saa sita usiku.

Usiku! Torgunn anacheka, midomo imepasuka kwa baridi.
Jua halijatua tangu Aprili,
linazunguka tu juu ya barafu
kama mgeni asiyejua kuaga.

Siku tisa upepo umewafungia hemani.
Eivind, bunduki mapajani kwa ajili ya dubu,
amekoroga uji ule ule wa shayiri
hadi wameacha kuulizana kuna nini leo.
Kisha utulivu, na mbio:
kumi na wanne, kumi na saba, kumi na tisa.

Saa sita kasoro dakika nane
kitanzi kinakaza mguu wa ishirini.
Anadonoa kidole gumba; damu inachuruzika,
ila ni ya Torgunn.
Mguuni pana pete tayari,
imesagika, tarakimu mbili tu zasomeka,
na mkwaruzo wa koleo
wa mtu aliyekuwa akijifunza, mikono ikimtetemeka,
msimu wake wa kwanza, miaka kumi na sita nyuma.

Sindano ipo. Karatasi inaruhusu.
Eivind anatazama saa, hasemi.

Torgunn anafumbua viganja.

Kwenye fomu ameandika: kumi na tisa.
Na chini, palipoachwa kwa maelezo:
mmoja tunajuana.