Hojaji Namba Arobaini na Saba

Tulikaa juu ya matofali nyuma ya mashine ya alizeti,
Chang'ombe, upepo wa Agosti ukitupiga vumbi la mashudu.
Jina sikuandika. Utafiti hautaki jina.
Wewe ni arobaini na saba.

Swali la tisa: umewahi kuiba ili upate unga?
Ulicheka, ukakohoa, ukacheka tena.
"Nyaya za shaba. Koki ya msikiti. Sufuria ya mama.
Kifuniko nilimwachia."
Nikatia tiki penye Ndiyo.
Kifuniko hakikuwa na kisanduku.

Swali la kumi na tatu: sindano mnachangia wangapi?
Ukanyoosha vidole vitatu, kisha ukakunja kimoja.
"Chilewa tulimzika Hombolo."
Kalamu ikagoma. Nikasingizia wino.

Miezi sita. Nimerudi na fomu ya ufuatiliaji:
moja, amehama; mbili, yuko gerezani;
tatu, amefariki; nne, hakupatikana.
Mama Sechelela anapepeta uwele,
ndoo ya maji ameifunika kwa kifuniko kile.
"Nani? Ndahani?"
Ndipo nilipolijua jina.
"Huondoka alfajiri, kwa miguu hadi Itega,
kunywa ile dawa wanayoinywea mbele ya nesi.
Wewe unakuja saa tatu,
saa ya watu walioshiba.
Utampata wapi?"

Nimesimama uani, kidole juu ya nne.
Makapi yananirukia shati.
Kesho, namwambia, nitakuja kabla ya jogoo.

"Njoo na sufuria," anasema.